Mwenyewe Ametoka Kidogo

Pale hotelini Lindi, huku Kibera, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa chapati. Ya pili ilikuwa kumficha Mathe.

Hiyo ya pili hakuna aliyenipa, ilikuja tu pamoja na ile ya kwanza. Mathe ndiye mwenye hoteli, mama wa kutoka Kitui, na kila siku alikaa mlangoni kwenye kigoda, leso kuukuu kiunoni, karai la waru, yaani viazi, mbele yake, anamenya. Ukipita huwezi kudhani kwamba benchi, sufuria, jiko na hata mimi tuko chini yake. Akitokea mtu na begi mkononi au kalamu mfukoni, anauliza, "Mwenyewe yuko?" Mimi nageuza chapati, nasema, "Mwenyewe ametoka kidogo. Jaribu saa kumi." Mathe hainui kichwa. Waru zinaendelea kumenywa. Saa kumi sisi tunakuwa tumeshafunga.

Nataka kuwa wa haki hapa, kwa sababu nikiandika hivyo Mathe anaonekana mwoga au mdanganyifu, na hakuwa hivyo. Hoteli ndogo ikijulikana mwenyewe ni nani, kila mtu anapata shida ya kumpelekea. Kuna wa kuuza sabuni, kuna wa kuuza viungo, kuna wa mchango wa harusi ya mtu tusiyemjua, kuna anayetaka kuhubiri watu wakiwa na tonge mdomoni. Akimsikiliza kila mmoja, maharagwe yataungua. Na hoteli nyingi huku kwetu zinafanya vivyo hivyo. Dada wa vyombo, aliyekuwa anaosha sahani nyuma yangu, alikuwa ananicheka: "Fundi, wewe unadanganya vizuri kuliko unavyopika." Miaka sita nilifanya kazi hiyo, na lazima nikubali kwamba nilijivunia kidogo.

Mkono ndio ulioanza kunitoa jikoni. Ni kifundo cha mkono wa kulia, pale panaposukuma chapati. Kwanza kiliuma jioni, halafu kikauma mchana, halafu kikawa kinauma hata nikifunga vifungo vya shati. Daftari hili nililianza kwa sababu hiyo, nikitaka kujua mkono unauma siku gani zaidi, ndipo nikajikuta naandika na mambo mengine. Kwenye zahanati waliniambia niupumzishe mkono. Nilisema asante. Nilipofika nje ndipo nikajiuliza, nikiupumzisha tutakula nini? Niliishia darasa la nane. Nina mke na watoto wawili. Sijui kazi nyingine isipokuwa unga na moto.

Basi siku moja, watu wa chakula cha mchana wakiwa wamepungua, akaja bwana mmoja mwenye viatu vilivyojaa vumbi jeusi. Akauliza mwenyewe yuko. Nikamjibu kama kawaida. Wengine huondoka. Huyu alikaa, akaagiza chapati mbili na maharagwe, akawa anakula huku anatazama jiko letu.

"Haya maharagwe mliyaweka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja asubuhi."

"Na makaa mmebadilisha mara ngapi?"

"Mara tatu. Siku ya mvua, nne."

Hayo hakuna aliyeniambia nifiche, kwa hiyo nilisema kweli. Akaniuliza kwa nini jiko la chapati liko mbali na la maharagwe. Nikamweleza kwamba chapati inataka moto mkali wa haraka, maharagwe yanataka moto mpole wa kukaa, na ukiyapa jiko moja utaharibu vyote. Tukaongea hivyo mpaka sahani yake ikakauka. Mathe alikuwa pale pale mlangoni, anamenya.

Akanawa, akasema, "Mimi nina karakana Kawangware. Nafinyanga makaa ya vumbi. Natafuta mtu wa kuniuzia, na si nyumba kwa nyumba. Nataka kuuzia biashara: hoteli, shule, watu wa kuku. Mtu wa nyumbani hununua akikumbuka. Biashara hununua kwa sababu kesho lazima ifungue. Wewe unazijua hoteli. Njoo ujaribu wiki moja. Ukileta hoteli tano ambazo zitachukua gunia kila wiki, kazi ni yako. Usipoleta, tutabaki kusalimiana tu."

Siku kumi niliwaza. Mke wangu nilipomwambia, alicheka kwanza. "Wewe? Mtu akikukanyaga njiani, wewe ndiye unaomba msamaha. Utamwambia nani anunue?" Nikasema hilo ni kweli. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza kama mtu anayekagua nyanya. "Nenda tu," akasema. "Huu si chuma."

Kilichonisumbua si kuuza peke yake. Ni Mathe. Nilimwendea nikasema, "Mathe, naomba wiki moja. Nina shughuli Kawangware."

Akauliza, "Ya mkono?"

"Inahusu mkono."

"Sawa. Dada wa vyombo atashika chapati."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yote. Nimeyapima mara nyingi. Hakuna neno la uongo ndani yake, na bado si ukweli. Mama huyu aliniajiri nikiwa sijui hata kupima chumvi. Nilijua kwamba Kawangware wakinikataa, halafu yeye asikie nilikuwa natafuta pa kwenda, nitakuwa nimepoteza huku na huko. Lakini sikusema. Niliogopa, ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Jumatatu nilivaa shati la kanisa. Nilitoka Lindi, nikapita Ayany, nikavuka Barabara ya Ngong, nikashika njia ya Kawangware kwa miguu. Karakana ya yule bwana ilikuwa uwanja wa mabati wenye mapipa ya vumbi la makaa, na juu ya waya makaa yaliyofinyangwa yakikauka safu kwa safu kama mandazi meusi. Alinipa mfuko wa sampo, yaani makaa machache ya kujaribia, kalamu na sentensi tatu za kusema. Makaa haya yanakaa muda mrefu. Makaa haya hayana moshi mwingi. Makaa haya yanaletwa mlangoni. Nilizikariri njiani mpaka mama mmoja aliyekuwa anauza mboga za sukuma akaniuliza kama niko sawa.

Hoteli ya kwanza nilisimama mlangoni nikauliza, "Mwenyewe yuko?"

"Ametoka kidogo. Jaribu saa kumi."

Nikaandika kwenye daftari: saa kumi. Hoteli ya pili wakasema ameenda benki. Nikaandika benki. Ya tatu, ameenda matanga nyumbani, nikawapa pole na nikaandika matanga. Saa kumi nilirudi kwa ile ya kwanza nikakuta imefungwa, benchi zimepinduliwa juu ya meza. Nikajilaumu kwamba nimechelewa. Jumanne nikatembea zaidi, mpaka kule ndani ambako njia ni za kupishana kwa bega, nikaambiwa amesafiri, ameenda sokoni, ameshuka sasa hivi hukukutana naye? Kufikia jioni nilikuwa na wenye hoteli kumi na mmoja ambao hawakuwepo.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Watu wa Kawangware sijui wanaendeshaje biashara. Wenyewe hawakai kazini kabisa."

Alikuwa anamimina chai. Alinitazama. Akaweka birika chini, akashika ubavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nini?"

"Hapana. Endelea tu kuandika."

"Nimesema nini?"

"Kunywa chai, baba. Utajua."

Jumatano nilifika kwa hoteli moja iliyo kwenye kichochoro, si mbali na Barabara ya Naivasha. Mpishi alikuwa mtu mzima, kofia ya sufu kichwani hata karibu na jiko. Kando ya mlango mama mmoja alikuwa na ungo mapajani, anachagua maharagwe. Nikauliza mwenyewe yuko. Mpishi akafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, macho yake yakaenda kwenye ule ungo, yakarudi. Ni kitu kidogo, kama kupepesa tu. Halafu akasema, "Ametoka kidogo. Jaribu saa kumi."

Nilihisi masikio yamewaka. Yale macho niliyajua. Yalikuwa macho yangu. Hata ile "kidogo" aliivuta kama ninavyoivuta mimi. Siku tatu nilikuwa nazunguka Kawangware na shati la kanisa, naandika uongo wangu mwenyewe kwenye daftari na kuuitikia asante. Waliokuwa wakimenya na kuchambua kando ya milango yote ile, sikuwa nimemtazama hata mmoja. Mmoja nilimwambia asogeze karai nipite.

Sasa nifanye nini? Ningeweza kusema, "Mama, najua ni wewe." Wako wauzaji wanaofanya hivyo, walikuja hata kwetu. Lakini nilijua kinachofuata. Mama angekana, wateja wangecheka, na anayeonekana mwongo mbele ya watu ni mpishi. Kofia ile ingepigwa utani mwezi mzima. Mimi nimesimama mahali pake miaka sita. Sikuweza.

Nikaagiza chai, nikakaa kwenye benchi karibu na ule ungo. Kulikuwa na jiwe dogo pembeni. Nikalitoa. Nikaona jingine, nikalitoa. Mama hakunizuia. Tukachagua pamoja.

"Unatoka wapi?" akaniuliza.

"Lindi."

"Lindi ya Kibera? Huko maharagwe hayana mawe, mpaka uje kuchagua ya huku?"

"Mkono umezoea tu, mama."

"Na huo mfuko una nini?"

"Makaa."

"Makaa!" Akamgeukia mpishi. "Umesikia? Ametoka Kibera kuleta makaa Kawangware."

"Kesho ataleta matope," mpishi akasema.

Wateja wawili wakacheka. Mimi pia nikacheka, na nikasahau zile sentensi tatu. Nikasema ninachokijua. "Haya ya vumbi si kama hayo yenu. Ukipikia chapati, utalia. Chai ya asubuhi pia yatakuchelewesha, kastoma ataondoka. Lakini ukiyawasha alfajiri, yakishika vizuri ukayafunika na jivu kidogo, ukaweka maharagwe au matumbo, huyagusi mpaka saa tano."

"Huyagusi?"

"Huyagusi."

"Hata kuongeza?"

"Hata kuongeza. Unafanya kazi nyingine."

Vidole vyake vikaendelea kuchagua. "Mimi ni wa kuchagua maharagwe tu," akasema. "Lakini mwenyewe akirudi nitamwambia."

"Mwambie asichukue gunia kwanza. Namwachia hizi sampo, ajaribu kesho. Zikimshinda, asinunue."

"Nitamwambia." Akachukua mfuko, akaupima uzito kwa mkono. "Wewe si muuzaji. Wewe ni wa chapati."

"Umejuaje?"

"Muuzaji hana hiyo alama ya kuungua kidoleni."

Alhamisi sikwenda asubuhi. Nilikwenda saa nane, wakati sahani zimepungua na mtu anaweza kuinua kichwa, kitu ambacho nilipaswa kukijua tangu Jumatatu. Mpishi wa kofia aliniona tangu mbali.

"Mwenyewe alikuja," akasema.

"Alikuja?"

"Akaja, akaenda. Amesema ulete gunia moja kila Jumatatu."

Yule mama alikuwa anakata sukuma. Hakuinua kichwa.

"Na alifurahi?" nikauliza, nikiangalia upande wa sukuma.

"Leo alikaa chini akanywa chai," mama akasema. "Ya moto."

Nilishukuru, nikatoka, nikapinda kona, na nyuma ya ukuta wa mabati nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sitaki kujisifu kwamba baada ya hapo nilijua siri. Ijumaa nilikaa na mama mmoja nikamenya naye waru karibu sufuria nzima, nikamweleza yote kwa heshima, mwishowe nikamwambia amsalimie mwenyewe akirudi. Akasema, "Lakini mimi nimeajiriwa jana." Mwenyewe alikuwa ametoka kweli, ameenda kuchukua mtoto shuleni, na aliporudi nilikuwa sina sauti. Akachukua sampo kwa huruma, na hajanipigia mpaka leo. Ila hoteli nyingine mbili zilikubali, moja ya githeri, yale mahindi ya kuchemshwa na maharagwe, na moja ya matumbo. Zikawa tatu.

Ingekuwa nne. Kuna bwana wa chips pale karibu na stendi aliyeniita mwenyewe, hakujificha. "Wewe wa makaa! Nipe magunia mawili kila wiki." Nikamwangalia, nikaangalia mafuta yake yanavyochemka. Nikamwambia makaa haya hayatamfaa. Mafuta ya chips yanataka moto mkali, akiyatumia chips zitalowa mafuta na watu watamkimbia.

"Wewe unauza au unakataza?"

"Nauza. Lakini si kwa chips."

"Basi toka hapo, unanizibia kastoma."

Njia nzima nilijiuliza kama huo ulikuwa uaminifu au uoga umevaa shati la uaminifu. Labda mtu mwingine angemuuzia kwanza, afundishwe baadaye. Sijui. Nilijua tu kwamba ningeona aibu kupita pale tena.

Jumamosi mchana nilisimama mbele ya bwana wa karakana.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Nilisema tano."

"Ulisema tano." Kisha, kwa kuwa ingekuwa wizi kunyamaza, nikamweleza habari ya bwana wa chips.

Uso wake ulibadilika. "Ulimkataza kastoma? Magunia mawili?"

"Nilimkataza."

Akaondoka bila neno, akaenda nyuma ya mapipa. Nilidhani kuachwa hapo ndilo jibu. Kumbe aliinua turubai. Chini yake kulikuwa na magunia, mengine yamefunguliwa, mengine yameloa. "Aliyekuwa hapa kabla yako alileta hoteli tisa kwa wiki moja," akasema. "Aliwaambia yanafaa kila kitu. Sita zilirudisha. Hili la mwisho lilirudishwa na mtu wa chips." Akafunika tena. Hakutabasamu. "Bado tatu si tano. Usidhani nimesahau. Jumatatu anza, miezi mitatu tuone. Na utaongeza na kwenu: Lindi, Soweto East, mpaka Ayany. Huko nani atakuambia mwenyewe hayuko?"

Nilimwambia nitamjibu Jumatatu asubuhi. Alishangaa. Mtu aliyetembea wiki nzima kutafuta jibu, akipewa, anaomba muda. Lakini kulikuwa na mtu wa kumwambia kwanza.

Nilirudi Lindi moja kwa moja, sikupitia nyumbani, maana ningepitia nyumbani ningeahirisha. Nilifika saa tisa hivi. Mathe alikuwa mlangoni, anamenya waru za kesho na kuzitia kwenye ndoo ya maji. Kwenye jiko langu dada wa vyombo alikuwa anapambana na chapati yenye pembe.

"Habari ya leo, Mathe," nikasema. "Nilitaka..."

Dada akageuka. Aliangalia shati, akaangalia mfuko, akaangalia kalamu mfukoni. "Unatafuta nani?"

"Dada, ni mimi."

"Unatafuta mwenyewe? Mwenyewe ametoka kidogo. Jaribu saa kumi."

Mathe hakuinua kichwa.

Nimewahi kuungua na mafuta, nimewahi kufukuzwa nyumba ya kupanga, lakini sijawahi kuumizwa na maneno namna ile. Nikasema moyoni, basi, wamejua, na hili ndilo jibu lao. Nilikuwa nageuka niondoke. Ndipo nikaona ndani ya karai, juu ya maganda, kisu cha pili. Miaka sita karai lile lilikuwa na kisu kimoja.

Nikakaa chini, kwenye debe lililopinduliwa. Nikachukua kisu, nikachukua waru. Kumenya hakuniumizi mkono sana.

"Mwenyewe atarudi?" nikauliza.

"Sijui," Mathe akasema. "Mimi ni wa waru."

"Akirudi, naomba umpelekee ujumbe."

"Sema."

Nikasema nikiangalia waru, ilikuwa rahisi hivyo. "Mwambie nilipoomba wiki moja, nilisema shughuli, sikusema shughuli gani. Nilikwenda kujaribu kazi ya kuuzia hoteli makaa. Nilificha kwa sababu niliogopa angenitoa kabla sijajua kama naiweza. Mwambie wamenikubali, lakini sijajibu. Mkono hauwezi tena chapati, ukijitahidi labda miezi michache tu. Na mwambie sijui kama nitaiweza hiyo nyingine. Nikishindwa, sina pa kurudi. Hilo ndilo linanisumbua, hilo na kwamba sikumwambia."

Mathe alimaliza waru aliyokuwa nayo, akaitoa macho yote, akaitia majini.

"Huyo mwenyewe namjua," akasema. "Siku ile bwana wa makaa alikula hapa akakuita Kawangware, unadhani mwenyewe alikuwa wapi?"

Kisu changu kikasimama. Alikuwa mlangoni. Hatua tatu kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimemficha vizuri miaka sita mpaka na mimi nikamsahau.

"Alisikia?"

"Alisikia mpaka hoteli tano. Akangoja umwambie. Siku kumi alingoja. Ukaja ukasema shughuli."

"Alikasirika?"

"Jumatatu alikasirika, Lindi nzima ilipokuona na shati la kanisa na si Jumapili. Jumanne akaonja chapati za huyu, akakasirika zaidi."

"Mathe!" dada akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mimi sisemi kitu. Mimi ni wa waru."

Sikujua kama ni ruhusa kucheka, nikacheka hata hivyo. Tukamenya. Baada ya muda akasema, kwa sauti ile ile ya kuongea na karai, "Nadhani mwenyewe atasema hivi. Huyu dada afundishwe chapati vizuri, uje jioni mbili tatu umfundishe, kuongea hakuumizi mkono. Jiko hilo litakuwa lake, hutalipata tena. Lakini hapa mbele hakuna mtu wa kupokea wateja na kuita jikoni. Hiyo kazi ni ya mdomo. Makaa yakikushinda, itakuwepo. Nitamkumbusha aiweke."

Nilitaka kusema asante, nikaona inafaa kupitia njia ile ile. "Umwambie asante sana."

"Nitamwambia akirudi." Akachukua waru nyingine. "Na hayo makaa yako yanafaa chapati?"

"Hapana, Mathe. Hayafai kabisa."

"Maharagwe?"

"Maharagwe yanafaa."

"Basi acha hizo sampo hapo. Jumatatu pita uulize. Saa nane, si asubuhi, asubuhi tuna kazi."

"Na kama mwenyewe hayuko?"

"Utaambiwa," dada akajibu kutoka jikoni, na chapati yake ikapasuka katikati.

Zilikuwa zimebaki waru saba au nane. Tukazimaliza, nikamwaga maganda, nikasimamisha karai ukutani mahali pake. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniangalia uso tu, akaenda kuweka chai bila kuuliza. Niliandika Jumamosi kwenye daftari, na kwa kuwa ndiyo kazi ya daftari hili tangu mwanzo, nikaandika na hili: leo mkono hauumi sana.